Gamaliel na Vikoti wa Kibanja

Gamaliel Rwekaza alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba kwa miaka thelathini na mmoja. Aliosha vyombo vya kioo, alipima kemikali kabla ya mitihani, na alihakikisha vyura wa kupasuliwa wamepatikana kwa wakati. Walimu wa baiolojia walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Wanafunzi walimwita Ta Gamaliel, kama tunavyowaita wanaume watu wazima huku kwetu. Wengi waliosoma pale wanakumbuka mikono yake iliyonuka spiriti kuliko wanavyolikumbuka somo lenyewe.

Mwaka 2005 mwalimu mmoja aliwaagiza wanafunzi walete wadudu wa kuainisha. Msichana mmoja akaleta kipande cha shina la mgomba lililooza, amekifunga kwenye jani. Ndani mlikuwa na bungua, wale wadudu watoboao migomba, ambao kila mkulima wa Kagera anawajua na kuwachukia. Lakini Gamaliel alipokikung'uta kile kipande juu ya sahani nyeupe, aliona pia vidudu vyenye rangi ya kahawia iliyoiva, vidogo kuliko punje ya ulezi, vikitembea polepole kama vinatafuta kitu vilichoangusha. Alikiweka kimoja chini ya hadubini. Alikuwa mbawakawa, hilo halikuwa na shaka. Ila mabawa yake magumu yalikuwa mafupi, yameishia katikati ya mgongo kama kikoti kisichofika kiunoni, na vipapasio vyake vilivimba nchani kama rungu. Gamaliel alipekua vitabu vyote vya maabara asimwone. Alipomuuliza mwalimu, mwalimu alimwambia aandike "mbawakawa" tu, kwa kuwa mtihani hauulizi zaidi ya hapo.

Jibu hilo halikumtosha. Aliandika barua kwa makumbusho moja ya Ulaya ambayo anwani yake aliikuta nyuma ya kitabu, na baada ya miezi minane akajibiwa na mzee mmoja wa Ucheki, Daktari Havlik. Daktari alimweleza kwamba mdudu wake ni wa kundi lenye ndugu maelfu, na kwamba katika pande zetu karibu hakuna mtu aliyewahi kuwaangalia. Alimwomba atume wengine, kila mmoja na karatasi inayoonyesha alipookotwa na tarehe.

Kwa Kiswahili hawakuwa na jina. Gamaliel aliwauliza wazee jina lao la Kihaya, wakamwambia mdudu asiyeliwa na asiyekula mazao hapewi jina. Basi yeye akawaita vikoti.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi iliyomchukua maisha. Shule ilipopata hadubini mpya, mkuu wa shule alimruhusu achukue ile ya zamani. Aliiweka katika chumba cha nyuma cha nyumba yake mtaani Hamugembe, karibu na dirisha. Jumamosi alipanda basi la kwenda Muleba, akishuka popote alipoona kibanja chenye migomba mikubwa, akaomba ruhusa ya kupasua visiki vilivyooza. Jumapili baada ya ibada alijifungia na kupanga alichopata. Vikoti majike wote hufanana, na tofauti hujulikana kwa madume. Dume mmoja ana mwiba mdogo kwenye paja, mwingine hana. Mwingine lazima umfungue tumbo kwa ncha ya sindano, umtoe kiungo cha uzazi na kukitazama umbo lake, kwa sababu hapo ndipo spishi moja hujitenga na nyingine. Siku nzima inaweza kuishia kwa wadudu wanne, na mkono ukitetemeka unabaki na watatu.

Mkewe, Lilian, alikuwa mshonaji. Hakuwa mgomvi. Alizoea kula peke yake sebuleni, chakula cha mumewe akikifunika kwa sahani nyingine. Siku moja alimuuliza ni watu wangapi duniani wanaojua mambo ya vikoti. Gamaliel alifikiri kidogo, akajibu kwamba ni wawili, yeye na Daktari Havlik. Lilian alicheka, akarudi kwenye cherehani yake. Binti yao wa pekee, Hellen, alikuwa amekwisha kwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya uuguzi, kwa hiyo nyumba ilikuwa na sauti mbili tu: ya cherehani upande mmoja, na upande wa pili ya vichupa vikigongana.

Barua za Daktari baadaye zikawa barua pepe. Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na soko, aitwaye Najibu, alizichapa kwenye karatasi na kumwekea Gamaliel. Kufikia mwaka 2016 Gamaliel alikuwa amestaafu na alikuwa na vichupa zaidi ya mia mbili. Yeye na Daktari walikubaliana kwamba kuna spishi nane. Ile waliyoiita ya pili ndiyo iliyoonekana kila mahali, kuanzia Bukoba mjini hadi kusini mwa Muleba.

Tarehe kumi Septemba mwaka huo, Jumamosi alasiri, ardhi ilitikisika. Sisi tuliokuwepo hatuhitaji kusimuliwa. Gamaliel alikuwa ameketi kwenye hadubini. Alisikia mngurumo kama wa lori zito linalopita chini ya sakafu, halafu ukuta wa nyuma ukapasuka kutoka juu hadi chini na rafu nzima ya vichupa ikamwangukia miguuni. Vumbi lilijaa chumbani. Ardhi ilipotulia alijikuta mzima, amesimama katikati ya vioo, spiriti ikitiririka kwenye saruji, na vikoti wa miaka kumi na mmoja wakielea ndani yake pamoja na vijikaratasi vyao.

Akapiga magoti. Spiriti hukauka haraka na vikoti wakikauka huvunjika, kwa hiyo alitwaa ndoo, akaanza kukusanya kila kitu kwa kitambaa na kijiko: wadudu, karatasi, lipu ya ukuta. Akiwa hapo alisikia sauti ya mkewe uani.

"Baba Hellen!"

"Nakuja," alijibu.

Sauti iliita tena, mara mbili au tatu. Alijibu tena kwamba anakuja, akaendelea kukusanya. Alipotoka uani, ndoo ikiwa mkononi, karibu nusu saa ilikuwa imepita. Jirani yao, Burhani, alikuwa amepiga goti kando ya lililokuwa jiko. Alikuwa ameondoa matofali kwa mikono yake mpaka vidole vikachubuka, na Lilian alikuwa amelazwa kwenye kanga, mguu wake wa kushoto umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi. Burhani alimtazama Gamaliel, akaitazama ndoo, akasema watafute gari la kwenda hospitali.

Gamaliel aliwaambia watu wote kwamba hakusikia. Alimwambia Burhani, akamwambia mchungaji alipokuja kuwatembelea hospitalini, akamwambia Hellen kwa simu. Kishindo kilikuwa kikubwa, alisema, na masikio yalikuwa yameziba. Watu walikubali, kwa kuwa siku ile kila mtu alikuwa na hadithi ya namna hiyo. Lilian alikuwa kitandani akisikia anavyosema, wala hakumkanusha.

Mguu haukuunga vizuri. Hellen alimchukua mama yake Dar es Salaam kwa matibabu zaidi, na ilisemwa ni kwa miezi mitatu. Nyumba ya Hamugembe ilikuwa haifai kukalika, hivyo Gamaliel alihamia Kagoma, wilayani Muleba, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, chenye nyumba ya vyumba viwili. Miezi mitatu ilipoisha Lilian alisema daktari anataka aendelee. Baada ya mwaka hakusema tena habari za daktari, na Gamaliel hakuuliza. Walizungumza kwa simu Jumapili: mvua, wajukuu, nani amefariki.

Kule Kagoma aliifungua ile ndoo. Karatasi nyingi zilikuwa zimechanika, na hata zilizosomeka hazikuwa tena na mdudu wake. Kwa wataalamu, mdudu asiyejulikana alikotoka ni kama barua isiyo na anwani wala sahihi. Mtu mwingine angemwaga yote shambani. Yeye, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya, alianza kuwapanga upya mmoja mmoja kwa mwanga wa dirishani, kuanzia asubuhi hadi jua linapopita upande wa pili wa nyumba.

Mwezi wa tano wa kupanga, aligundua kosa lake. Zamani alipofungua kichupa kilichoandikwa Muleba, alijua tayari anatarajia kuona nini, na macho yalimwonyesha hicho hicho. Sasa hakujua nani ametoka wapi. Alikuwa na mdudu tu mbele yake. Na wale wa spishi ya pili, walioonekana kila mahali, walianza kujitenga wenyewe. Baadhi ya madume walikuwa na kiungo kilichonyooka, wengine kimepinda kama ndoana, na wachache mno, kumi na saba tu, walikuwa na kilichogawanyika nchani, na pajani walikuwa na mwiba mfupi ambao hakuwahi kuuona. Haikuwa spishi moja. Zilikuwa tatu, na yeye ndiye aliyekuwa amezichanganya kwa miaka kumi na mmoja.

Alichora michoro, akapanda basi hadi Bukoba, akamwomba Najibu aitume kwa Daktari Havlik siku hiyo hiyo. Alilala kwa ndugu mjini akingoja jibu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa binti wa Daktari. Alisema anasikitika hakujua kwamba kuna mtu Tanzania wa kumpasha habari. Baba yake alifariki katikati ya mwezi Agosti mwaka uliopita.

Najibu aliisoma kwanza kwenye kompyuta, kisha akamchapia. Gamaliel aliisoma amesimama. Alihesabu. Siku ile ya tetemeko, alipokuwa amepiga magoti kwenye spiriti, mtu pekee duniani aliyekuwa akiwangoja wale wadudu alikuwa ameshazikwa wiki tatu. Alikunja karatasi, akamshukuru Najibu, akatembea hadi ufukweni mwa ziwa. Alikaa pale mpaka mabasi ya Muleba yakakaribia kuisha.

Sasa alikuwa peke yake kweli. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea, wala kwamba amepatia. Hata hivyo, spishi tatu zilikuwepo, na bila kujua zinaishi wapi asingeweza kuzitangaza. Ilibidi arudi kila mahali alikopita tangu mwanzo.

Safari hii haikuwa rahisi kama zamani. Mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia vijijini, na kila mtu alijua kwamba ugonjwa huo husafiri kwenye panga. Mzee mgeni anayepita kupasua visiki alitiliwa shaka. Kijiji kimoja walimfukuza kwa maneno makali. Kimwani, kusini mwa wilaya, alipelekwa kwa mtendaji, akakalishwa kwenye benchi kutwa nzima akieleza kwamba anatafuta wadudu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Aliyemwokoa ni mama mmoja mjane, Ma Kokubanza, aliyekuja ofisini kwa shauri lake mwenyewe na kumsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia mtendaji kwamba mwizi hawezi kutunga uongo wa kijinga kiasi hicho. Kisha akamchukua nyumbani kwake.

Kabla hajamruhusu kugusa mgomba, Ma Kokubanza aliliweka panga lake kwenye moto, pande zote mbili. Halafu akamfuata nyuma, mikono kiunoni, akitazama anavyopasua kisiki na kukung'uta makombo kwenye kitambaa cheupe.

"Hawa wadudu wako wanatudhuru, waitu?" aliuliza, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Hapana, mama."

"Wanatusaidia?"

"Sijaona."

"Basi wanakaa kwa raha zao," alisema. "Na wewe unawatafutia nini?"

Gamaliel alisema anataka wajulikane. Ma Kokubanza alimkaribisha ndizi zilizopikwa na maharage, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Gamaliel kula mbele ya mtu mwingine. Mchana huo, katika kisiki cha sita, alipata dume mwenye mwiba mfupi pajani. Alirudi Kimwani mara nne, na kila mara aliwapata, lakini hakuwapata mahali pengine popote.

Kuandika kulimchukua miaka miwili. Kiingereza chake kilikuwa cha lebo na maelekezo ya maabara. Jarida la kwanza lilikataa, la pili lilirudisha karatasi mara tatu na maswali mengi, mengine ya haki. Hatimaye walikubali. Kilichobaki ni majina, kwa kuwa anayetangaza spishi ndiye anayeipa jina. Ya kwanza aliipa jina la Daktari Havlik. Ya pili aliiita kwa mji wa Bukoba. Ile ya tatu, adimu kuliko zote, aliiwekea jina moja moyoni, na Jumapili moja alimpigia mkewe simu kabla ya saa yao ya kawaida.

Alimweleza kwa kirefu. Alisema jina likishaandikwa halifutiki, kwamba hata baada ya miaka mia mtu akimtaja mdudu yule atamtaja kwa jina la Lilian. Upande wa pili watoto walisikika kwa mbali.

"Jina langu liache," Lilian alisema mwishowe. "Ulikuwa nalo nyumbani miaka thelathini na minne, hukuliita sana."

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mvua zimeanza, akamsalimia, wakaagana. Gamaliel aliandika jina la Kimwani mahali palipokuwa wazi, akapeleka karatasi kwa Najibu. Jarida lilitoka mwaka 2021. Hakuna aliyemwandikia kuhusu jambo hilo. Najibu alimchapia nakala mbili za rangi, moja akaibandika dukani kwake, ambako wateja walidhani ni tangazo la dawa ya kuua wadudu.

Mwaka uliofuata, kaka mkubwa wa Gamaliel alifariki na Lilian akaja Kagoma kuzika. Alitembea na fimbo. Alikuwa amenenepa kidogo, na alizungumza na wanawake wenzake jikoni kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka. Siku tatu za matanga hawakupata nafasi ya kukaa wawili. Siku ya nne, wageni walipokwisha kutawanyika, aliingia katika chumba cha hadubini, akaketi kwenye kiti cha mumewe, akamwambia amwonyeshe huyo wa Kimwani.

Gamaliel alimpanga mdudu kwenye kisahani, akageuza kioo kipate mwanga, akamwelekeza pa kuweka jicho. Lilian alitazama kwa muda mrefu.

"Ana nywele," alisema.

"Ndiyo. Za dhahabu."

"Sikujua kama wana nywele."

Gamaliel alikuwa amesimama nyuma yake, akiuona mguu ule wa kushoto ulionyooshwa kando kwa kuwa haukukunjika vizuri. Alisema, "Mama Hellen, siku ile nilikusikia."

Lilian hakuondoa jicho kwenye hadubini. "Najua ulinisikia," alisema. "Ulijibu."

"Niliwaambia watu sikusikia."

"Nilikuwa pale ulipokuwa ukiwaambia."

Kisha Lilian akaeleza yale ambayo hakuwahi kuyaeleza. Maumivu, alisema, hayakuwa makubwa sana mwanzoni. Kilichomsumbua ni kwamba kila aliposikia "nakuja" alitulia, akaacha kuita. Kama asingejibiwa angeendelea kupiga kelele, na Burhani angemsikia mapema. Gamaliel alisema anamwomba msamaha. Lilian akasema alikwisha kumsamehe zamani, mwaka ule ule wa kwanza, lakini kusamehe hakukumrudishia hamu ya kukaa katika nyumba ambayo akiita anajibiwa tu. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Halafu akauliza kama kuna chai.

Walikunywa chai barazani. Lilian alimwalika Dar es Salaam, akisema Hellen ana chumba cha wageni. Gamaliel alisema atakuja mvua zikipita. Kesho yake alimsindikiza Muleba kupanda basi, akambebea mzigo wa ndizi na kahawa, akamtafutia kiti cha upande ambao mguu unaweza kunyooshwa. Basi lilipoondoka alinunua sabuni na betri, akarudi nyumbani.

Mvua zilipita, akaenda kweli. Alikaa wiki tatu. Lilian alikuwa na kwaya yake, wateja wake, na shoga zake wa mtaani waliomwita kwa jina lake, Lilian, bila kuongeza mama wa nani. Gamaliel aliwasikia wakiliita asubuhi na jioni kutoka getini, na mkewe akiitika. Wiki ya tatu ilipokwisha alimwambia anarudi kuangalia kibanja, na Lilian akampigia pasi mashati yake yote kabla ya safari.

Sasa ana zaidi ya miaka sabini. Simu za Jumapili zinaendelea, nazo zimerefuka, kwa maana sasa Lilian huuliza habari za vikoti na Gamaliel huuliza habari za kwaya, akikumbuka majina ya waimbaji. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, kwa hiyo anafanya kazi asubuhi tu, kabla mkono haujachoka. Ameanza kupanga waliotoka kwenye visiki vya pembeni mwa rweya, nyasi zile zisizolimwa nyuma ya kijiji, na anadhani humo mna spishi nyingine mbili, labda tatu. Hana uhakika. Angependa mtu awatazame pia.